Nililipia kuteleza, siku ya kwanza nikafukua begi: uzoefu wangu Chamonix

Tangu nirudi Dodoma, kila anayeona picha zangu za theluji ananiuliza: hela yote ile, ilikuwa na maana? Naandika mara moja, ili atakayeniuliza tena pale mtaani kwetu Nkuhungu nimtumie asome.

Nilikuwa nasoma Grenoble, Ufaransa. Kwa misimu miwili ya baridi nilijifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu miguuni, kwenye njia rasmi, zile zinazosawazishwa na mitambo usiku na kupewa rangi: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wenye roho ngumu. Nilianguka vya kutosha. Nilipoweza kushuka nyekundu bila kumgonga mtu, Februari 2019 nikajiandikisha kwa safari ya nje ya njia pamoja na kiongozi wa milima, Vallée Blanche, Chamonix. Huko hakuna mtambo uliopita wala doria ya kukuangalia. Ni kilomita zipatazo 20, sehemu kubwa ikiwa juu ya barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, unaanzia mita 3,842 juu ya usawa wa bahari.

Kilichonichekesha kwanza ni kwamba mji wenyewe wa Chamonix uko mita 1,035 tu. Dodoma yetu iko juu kuliko huo! Ila ukiinua shingo unaona mlima umekuinamia.

Tulikuwa watu watano. Asubuhi saa mbili kiongozi akafika, akatusalimia, akasema leo hatupandi. Usiku upepo ulikuwa mkali, na taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji ilisoma 4 kati ya 5. Mimi natazama juu, jua linawaka, hakuna hata wingu. Nikanuna. Nilikuwa nimelipa zaidi ya euro 100, hela niliyoipata kwa kujinyima, halafu naambiwa nirudi kwa sababu ya upepo uliokwisha kupita?

Akanieleza bila haraka, na nilimwelewa kwa sababu nimekulia Ugogo. Mnajua upepo wa Agosti unavyobeba vumbi na kulirundika nyuma ya ukuta, upande usiopulizwa. Na theluji ni hivyo hivyo. Upepo unaikwangua upande mmoja wa mlima na kuibwaga upande wa pili, huko inashikana na kuwa bamba lililolala juu ya tabaka dhaifu. Kwa macho panavutia kweli. Akikatiza mtu mmoja na skii zake, bamba linavunjika na mteremko mzima unashuka naye. Wengi wanaofukiwa wamelivunja bamba wenyewe, au mwenzao kalivunja. Nikakumbuka makorongo yetu: mgeni anaona mchanga mkavu, anapitisha pikipiki, mwenyeji ameona mvua imeshika kule vilimani, anakaa kando anasubiri maji yapite.

Basi siku ile tukafanya mazoezi bondeni. Kila mmoja huvaa kifuani kifaa kinachorusha mawimbi ya redio, Wafaransa wanakiita ARVA. Mtu akifukiwa, wenzake wanageuza vyao vipokee, wanafuata namba inayopungua kadiri wanavyomkaribia, wanachoma theluji kwa fimbo ndefu ya kuunga mpaka iguse kitu, ndipo wanachukua sepeto. Kazi hiyo ni yenu mlio pale. Ndani ya dakika 15 za kwanza wengi hutolewa hai. Ikipita nusu saa wengi wameshakosa hewa. Kiongozi alizika begi lenye kifaa ndani, tukalitafuta dakika 11. Kelele nyingi, kila mtu anachimba pake. Akatupanga: mmoja akate mbele, wengine wavute theluji nyuma, na mchimbe mkitokea upande wa chini wa mteremko, si kutoka juu yake. Mara ya nne tukalitoa kwa dakika 5, mikono inatetemeka. Kununa kwangu kukaisha hapo.

Hapo hapo duka lililonikodisha vifaa likaumbuka. ARVA yangu ilikuwa na betri nusu, na fimbo haikukaza kwa sababu waya wake wa ndani ulikuwa umekatika. Kiongozi akavikataa vyote viwili. Niliporudi dukani kijana alinibadilishia bila hata kusema pole. Ukikodi, washa kifaa pale pale kaunta na uunge fimbo mbele yao, wakuone mkorofi.

Tulipanda siku ya tatu, hatari imeshuka hadi 2. Gari la kebo lilitufikisha Aiguille du Midi, kilele tunapoanzia, kwa dakika 20 hivi. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa maana yake: kambi ya Horombo iko mita 3,720, na kwa kawaida mtu anaifikia siku ya pili ya kutembea. Kichwa kilinigonga papo hapo. Unatoka kwenye handaki la barafu, unashuka kwa miguu ukingo mwembamba, umefunga vyuma vya meno chini ya viatu, mmeunganishwa kwa kamba na kiongozi yuko nyuma yenu. Upande mmoja niliona paa za Chamonix, zaidi ya kilomita mbili na nusu chini. Sikuangalia mara ya pili.

Kuteleza kwenyewe sijui niseme nini. Theluji laini hadi magotini, skii hazisikiki. Lakini unakumbushwa kila dakika uko wapi: nyufa za barafuto hufunikwa na theluji, kwa hiyo unapita alipopita kiongozi, mkiachana nafasi, na mkanda wa kamba unabaki kiunoni kutwa, ili ukitumbukia uvutwe. Mwenzetu mmoja alisimama pabaya apige picha, akafokewa kama mtoto.

Mwisho wa barafuto, mwaka ule, tulivua skii na kupanda ngazi za chuma, mamia, tukifuata treni ya Montenvers inayorudisha watu Chamonix. Kando ya ngazi kulikuwa na vibao vya mwaka vilivyoonyesha barafu ilikuwa inafika wapi. Cha 1990 kilikuwa juu sana ya kichwa changu. Nilipumzika kila kibao, kwa kisingizio cha kusoma.

Kuhusu hela: bei ya kiongozi haikuwa na gari la kebo, vifaa wala bima, na hilo nilitaka waliseme mapema. Bima yangu ya mwanafunzi ilikuwa imeandika kwamba nje ya njia hailipi, nikakata nyingine. Mtu mwenye nafasi kama niliyopata mimi namwambia aende, ila ajifunze kwanza kwenye njia, na aweke siku mbili au tatu za akiba, kwa sababu tarehe anaipanga mlima.

Viatu vilinibana, kucha mbili zikatoka. Glovu nilirudi nazo nyumbani. Mama anaepulia sufuria.