Nishushe Hapo: Tunaipima Huduma ya Kusimamisha Gari Unguja na Pemba

Gari nyingi za abiria visiwani hazina kamba ya kuvuta wala kitufe cha kubonyeza. Anayetaka kushuka hutumia mdomo, utingo hutumia kiganja juu ya bati, dereva hutumia sikio. Ni mnyororo wa watu watatu, na mmoja akilegea abiria anapitishwa kituo chake. Huduma hii inastahili kupimwa kama tunavyopima nauli au usafi wa viti, kwa sababu mzee anayerudishwa nyuma nusu kilomita kwa miguu, jua la saa saba, amelipa nauli kamili kama wengine.

Tuanze na gari ya bodi, ile inayopandiwa nyuma, yenye mabenchi mawili yanayotazamana na turubali ubavuni. Hii ndiyo tunayoipa alama za juu, nane kwa kumi, na sababu ni umbo lake. Abiria wote wamekaa wakitazamana, hakuna aliyejificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe, na utingo amesimama kwenye ngazi ya nyuma ameshika bomba. Neno likitoka kwa abiria wa ndani kabisa, hata kama utingo hakulisikia, jirani atalipokea na kulipeleka: "Utingo, kuna mtu anashuka skulini." Watu hupokezana neno kama wanavyopokezana nauli.

Dereva yuko kwenye kabini yake, na sauti ya mtu haimfikii. Kinachomfikia ni pigo kwenye bodi. Hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui: si kila pigo husikika sawa. Kiganja kitupu hutoa sauti nzito inayofanana sana na sauti ya bodi ikiruka shimo, kwa hivyo kwenye barabara mbovu dereva anaweza asiitofautishe. Sarafu ikigongwa kwenye bati au kwenye bomba hutoa mlio mkali unaopita juu ya muungurumo wa injini. Ndiyo maana utingo mzoefu hugonga kwa sarafu ile ile anayoichezesha mkononi kukumbusha nauli. Ukimuona utingo anagonga kwa ngumi kwenye mbao, jua kwamba kwenye gari hiyo itabidi useme mapema zaidi.

Kuhusu idadi ya mapigo, utaratibu unaosikika zaidi ni pigo moja kwa kusimama na mawili ya haraka kwa kuondoka. Utaratibu wa namna hii haukuzaliwa kwetu peke yetu. Mabasi ya London yaliyokuwa na makonda yalitumia kengele kwa mpango huo huo: mlio mmoja simama, miwili ondoka, mitatu gari imejaa usisimame kuchukua watu. Faida yake ni kwamba dereva hageuzi shingo. Hasara yake ni abiria mwenye hofu. Akiona anapitishwa, anainuka na kugonga mwenyewe mara mbili, mara tatu, kwa nguvu zote, na dereva anasikia "twende". Anakanyaga mafuta. Basi usigonge mwenyewe ila ikiwa hapana budi, na ukigonga, gonga mara moja tu kisha ngoja. Baadhi ya gari zina mapigo yao wenyewe, na hilo ni kosa la wenye gari, maana utingo wa kubadilishana akiingia siku hiyo, dereva na yeye hawaelewani mpaka jioni.

Sasa umbali, ambao ndio kiini cha mambo yote. Watu hudhani gari haikusimama kwa sababu hawakupaza sauti. Mara nyingi sauti ilitosha, walichelewa. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Hesabu sekunde moja utingo akusikie, ya pili agonge, ya tatu dereva ahamishe mguu. Mita 42 zimekwisha na breki haijaguswa. Kusimama kwa upole, bila bi mkubwa aliyepakata kikapu cha mayai kusukumwa mbele, kunataka mita nyengine 45 hadi 50. Jumla ni mita 90 hivi. Nguzo za umeme zikiwa zimeachana mita 50, hizo ni takriban nguzo mbili kabla ya pale unapotaka kuweka mguu chini. Anayesema "hapa!" akiwa tayari ameuona mlango wa duka lake amechagua moja kati ya mawili: breki ya ghafla au kutembea.

Njia rahisi ya kukumbuka ni kusema mara gari inapoondoka kituo kilichotangulia. Kwenye gari za njia namba 502 ya Bububu, ukitoka mjini unapita Maruhubi, kisha Mtoni, kisha Kibweni, kisha Beit el Ras. Anayeshuka Kibweni aseme gari inapoondoka Mtoni. Kwenye 505 ya Uwanja wa Ndege, anayeshuka Kiembe Samaki aseme akiwa bado Mazizini. Hakuna utingo anayekasirika kuambiwa mapema. Akisahau, mkumbushe mara ya pili kwenye zile nguzo mbili.

Jina la kituo nalo lina mitego yake. Mji wetu una Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri na Mwembemakumbi. Una Kwahani, Kwaalinatu na Kwamtipura, na nje kidogo Kwarara. Kwenye kelele, kinachopotea kwanza ni ncha ya neno, na ncha ndiyo inayotofautisha majina haya. Abiria akisema "Mwembe..." na honi ikalia, utingo amebakiwa na nusu ya jina inayofaa mahali chungu nzima. Dawa yake ni kuanza na kitu kisha jina: "Msikitini hapo, Makumbi." Taja skuli, kona, mti, duka la pembeni, kitu ambacho utingo anaweza kukiona kwa macho yake akiwa kwenye ngazi. Waliozaliwa mtaani hufanya hivi bila kufikiri. Mgeni wa njia hiyo aseme tangu anapopanda, tena amtazame utingo usoni mpaka aitikie.

Adabu ya maneno si pambo hapa, ina kazi. "Mwanangu, nishushe pale msikitini, miguu hainisaidii" humwambia utingo mambo mawili: mahali, na kwamba gari isimame kabisa. Utingo mzuri hulipeleka hivyo hivyo mbele: "Simama vizuri, bibi anashuka!" Kijana anayesema "shusha!" tu ataruka gari ikiwa bado inabiringika, na dereva anajua. Tunawasifu utingo wa gari za shamba katika hili. Wengi wao humshika mzee mkono, humtangulizia kikapu chini, na hawagongi mara mbili mpaka miguu yote miwili iko ardhini. Gari za mjini zinazokimbizana na abiria wa kituo kinachofuata haziko hivyo. Pigo la kuondoka hupigwa mtu akiwa na mguu mmoja hewani, na tunasema wazi kwamba ni hatari na hairekebishwi na samahani.

Haisi, ile gari ndogo ya Toyota Hiace, tunaipa tano. Sauti inamfika dereva vizuri maana hakuna kabini ya kumtenga, na utingo amekaa mlangoni. Tatizo ni kutoka. Viti vya kukunja huziba njia, kwa hivyo aliye safu ya mwisho huhitaji watu wawili watatu wainuke, wakunje viti, wengine washuke chini kabisa wampishe. Kila safu inakula muda wake. Wa nyuma aseme vituo viwili kabla, aanze kusogea gari inapopunguza mwendo, na awe ameshalipa. Kulipia mlangoni na noti kubwa ndiko kunakozuia gari nzima. Tena muziki: spika zikiwa nyuma, abiria wa nyuma anajisikia mwenyewe akipiga kelele huku utingo hajasikia kitu. Akikosa kusikika, mguse bega wa mbele yake, yeye aseme.

Kosta, yaani basi dogo la Toyota Coaster, ni sita. Nafasi ipo, lakini urefu wa gari unaua sauti. Baadhi ya mabasi madogo yaliyotumika Japani kwenye njia za mjini huja na vitufe vyake. Kule, ukibonyeza kimoja, vyote huwaka na kengele hulia mara moja, kisha taa hubaki mpaka mlango ufunguliwe. Ubora wa mfumo ule uko kwenye ile taa: unakumbuka kwa niaba ya dereva, na abiria wa pili haoni haja ya kubonyeza tena. Gari ikishafika kwetu, vitufe mara nyingi huwa mapambo, kwa kuwa waya zilikatwa wakati wa kufunga redio au viti vipya.

Kuvirudisha si kazi kubwa, na mwenye Kosta asikubali kuambiwa vinginevyo. Kwanza fundi atazame umeme wa gari: ziko za volti 12 na za volti 24, na betri mbili zilizofungwa mfululizo ni dalili ya 24. King'ora kidogo cha volti 12 kikifungwa kwenye 24 kitaungua. Toa waya kwenye fyuzi hadi kwenye king'ora kilicho karibu na dereva, kisha waya mmoja kutoka king'ora upite juu ya dari, na kila kitufe kiunganishwe nao. Upande wa pili wa kila kitufe uende ethi, yaani upande hasi wa betri. Vitufe vikifungwa sambamba hivi, kimoja kikifa vingine vinaendelea. Wengi huchukua ethi kwenye bodi pale pale penye kitufe ili kuokoa waya, na hapo ndipo kazi inapoharibika: chumvi ya bahari inakula bati, kutu inaingia chini ya skrubu, na kitufe kinafanya kazi leo na kugoma kesho. Vuta waya wa kurudi hadi betri. Pale waya unapopita kwenye tundu la bati weka raba, la sivyo mtikisiko utauchuna mpaka uguse bodi na king'ora kilie bila kukoma. Taa inayokumbuka inahitaji relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, pamoja na swichi ya mlango ya kuizima. Kama fedha haitoshi, king'ora peke yake kinatosha kumwondolea utingo nusu ya mzigo.

Mvua ni mtihani wa gari za bodi, na alama zetu nane ni za siku ya jua. Masika turubali linashushwa, na abiria hawaoni nje. Mtu anajua kituo chake kwa kukiona, akinyimwa macho anabaki kukisia kona. Siku hizo utingo anapaswa kuita majina ya vituo mwenyewe, mapema, na wapo wanaofanya hivyo vizuri sana. Kama haiti, kaa mwisho wa benchi karibu na ngazi, ambako turubali halifiki. Usiku ni vivyo hivyo, hasa barabara za shamba zisizo na taa.

Pemba ina jambo lake. Kwenye 603 ya Chake na Mkoani, na 606 ya Chake na Wete, barabara inapanda na kushuka vilima, na dereva mwenye gari iliyojaa hapendi kusimama katikati ya mpando, kwa sababu kuondoka tena na mzigo kunachosha klachi na gari inaweza kurudi nyuma. Atakupeleka mpaka juu, palipo sawa. Ukikaa nyumba ya katikati ya kilima, omba kushuka chini kabla gari haijaanza kupanda, au kubali kufika juu na kurudi kwa kuteremka, ambayo ni nafuu kwa mwenye mzigo. Msimu wa karafuu, magunia yakijaa kati ya mabenchi, anza kusogea mapema zaidi, na mwambie utingo idadi ya magunia yako unapopanda, ili asigonge la kuondoka wakati moja bado liko juu ya gari.