404 ya bidhaa na 404 ya makala: uzoefu wangu na WordPress

Nina mteja anauza vitenge Kariakoo, duka lake la mtandaoni nimelijenga kwa WordPress na WooCommerce (nyongeza yake ya kuuzia bidhaa) na ndani kuna makala za mishono. Sasa kitenge kikiisha yule dada anafuta bidhaa palepale, wakati linki alishaiweka stetasi ya WhatsApp na watu wameshaisambaza kwenye magrupu, mtu anabonyeza anakutana na "ukurasa haujapatikana", ndiyo hiyo 404, basi anasepa. Najua mtasema si aandike tu "imeisha", nimemwambia weee, hataki, eti duka linaonekana limekauka.

Mwanzo nikaweka plagini flani inayomrudisha kila aliyepotea ukurasa wa mwanzo. Nikajua nimemaliza, kumbe wapi, simu zikaanza, "nimebonyeza kitenge cha njano mbona naletewa duka zima?" Na Google nayo sio mjinga, ukimpelekea linki zilizokufa zote hom peji anazihesabu kama 404 tu. Nikaing'oa.

Nikarudi kwenye WordPress yenyewe. Inakuja na templeti (faili la mwonekano wa ukurasa) moja ya kosa kwa kila kitu, 404.php kwa themu za zamani au 404.html kwa hizi za bloku. Ila kuna filta, yani sehemu ya kuchomeka kodi yako ubadilishe templeti ipi itumike, inaitwa 404_template_hierarchy, ipo tangu toleo la 4.7 la 2016 na wengi hatuigusi. Kwenye functions.php, faili la kodi la themu, nimeandika mistari michache tu: soma get_query_var('post_type'), yani aina ya kitu linki inachotafuta, ikiwa ni product (bidhaa) basi templeti niliyoitengeneza, 404-product.php, ikae mbele ya foleni. Kilichonifurahisha ni kwamba bidhaa hata ikiwa imefutwa bado inajulikana ilikuwa bidhaa, maana WordPress inasoma kwanza muundo wa linki ndo inaenda kutafuta kwenye databesi. Hapo nimeweka "Mzigo huu umeisha", vitenge vinne vipya na kitufe cha WhatsApp cha dada. Nikapima kwa curl -I, amri ya kuona seva inajibu nini, jibu bado ni 404 halali.

Makala hazina bahati hiyo, linki zake ni jina la makala tu kwahiyo post_type inarudi tupu pia, basi ile 404 ya kawaida ndo nimeifanya yao, kisanduku cha kutafuta na makala tano za karibuni, yatosha.

Kilichonishangaza zaidi ni picha. Picha ikikosekana, htaccess ya kawaida (faili la sheria za seva) inalirusha ombi kwa index.php, yani WordPress nzima inaamshwa itengeneze ukurasa mzuri ambao hakuna binadamu atauona. Nimeweka sheria kwamba faili lisipokuwepo kwenye uploads, folda ya picha, seva ijibu 404 kavu, iishie hapo.

WordPress nawapa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu filta hii huikuti popote kwenye dashibodi, bila kugusa kodi dada wa vitenge asingeweza mwenyewe, na sasa hivi kanipigia anataka na 404 ya kategoria.