Rili ya kuvulia baharini: duka kubwa la michezo au kwa mzee wa mjini?

Kwa anayetafuta fimbo ya kuvulia baharini na rili yake (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) hapa Mombasa: nimenunua pande zote mbili, kwenye duka kubwa la vifaa vya michezo upande wa Nyali na kwenye kiduka cha vifaa vya uvuvi kule mjini. Bidhaa hazikupishana sana. Wauzaji ndio mbingu na ardhi.

Duka kubwa lina kiyoyozi, bei zimebandikwa, na kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu zake. Nilimwomba ndoana kubwa kidogo kuliko namba 4 niliyokuwa nimeishika. Akanipa namba 12! Kwenye ndoana, namba ikipanda ndoana yapungua, na ikishuka yakua, mpaka ufike namba 1. Kisha zaanza 1/0, 2/0, 3/0, na hizo ndizo zinazokua namba ikipanda. Namba 12 labda ukavue vidagaa. Nikamuuliza kama ile rili yahimili maji ya chumvi, naye akageuza boksi akanisomea. Kusoma najua. Lakini simlaumu, maana aliniambia mwenyewe kwamba majuzi tu alikuwa upande wa baiskeli za mazoezi.

Mzee wa mjini hakunionyesha kitu kwanza. "Wavulia wapi, mwanangu, ufuoni au wapanda chombo?" Nikamwambia kwenye mawe ya Mama Ngina. "Na wamtaka samaki gani?" Changu, nikasema, na kolekole akijileta simkatai. Hapo ndipo alipoinuka kwenye kigoda chake. Mshipi wa kusokotwa niliokuwa nimeukodolea macho akaurudisha rafuni: ni mwembamba na una nguvu, ila ukisuguana na mwamba hukatika upesi, tena hauvutiki, samaki akijitupa kwa nguvu ndoana yaweza kumchomoka mdomoni. Akanipimia mshipi wa nailoni wa kuhimili pauni 30 na chubwi (vile vizito vya kuzamisha ndoana) za kutosha, kwa kuwa pale chubwi hunasa mawe na kupotea. Kama ningekuwa nafuata nguru kwa mashua, alisema, angeniongezea kipande cha waya mbele ya ndoana, kwani meno ya nguru hayaulizi nailoni ni ya pauni ngapi.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia dukani: maji ya nyumbani ni ya bomba au ya kisima? Visima vingi vya kwetu vina chumvi, na kuoshea rili maji hayo ni kuiongezea kutu. Nikimaliza kuvua, akasema, nikaze breki ya rili (ile inayozuia mshipi kutoka), niimwagie maji matamu taratibu, niipanguse, halafu nilegeze breki kabla ya kuihifadhi. Maji ya kasi yasukuma chumvi ndani. Rili yangu bado yazunguka laini.

Kwa mipira, jezi au miwani ya kuogelea, nenda duka kubwa bila wasiwasi, wala huhitaji ushauri wa mtu. Duka hilo nalipatia nyota 3.

Mzee nampa 4. Hana bei zilizobandikwa, kwa hiyo jiandae kupatana. Ijumaa mchana hufunga, na aina za rili alizonazo ni chache. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hatoi garantii: rili ikiharibika, ni wewe na fundi wako.