Nimeitazama Supacell na mpwa wangu mwenye selimundu

Kwa kawaida tamthilia za watu wanaoruka na kuvunja kuta hazinikai. Mtu akishapewa nguvu za ajabu, kazi inayombakia ni kuvaa nguo ya kubana na kuuokoa mji ambao mie siujui. Supacell nimeimaliza, sehemu zote 6, na nyingine nimezirudia. Si kwa ajili ya mapigano.

Imetoka Netflix tarehe 27 Juni 2024. Aliyeitunga ni Rapman, kijana wa London Kusini ambaye jina lake lilianza kusikika kwa hadithi alizokuwa akizisimulia kwa rap na kuziweka YouTube. Hadithi ni ya watu 5 weusi wa huko huko London Kusini, wasiojuana, wanaojikuta ghafla na uwezo ambao hakuna aliyeuomba. Michael (anaigizwa na Tosin Cole) ni dereva wa kupeleka vifurushi, naye anaweza kuusimamisha wakati na kuruka kwenda siku zijazo. Sabrina ni muuguzi, anasogeza vitu bila ya kuvigusa. Andre ana nguvu za mwili zisizo za binadamu, Rodney anakimbia mbio ambazo jicho halizifuati, na Tazer, kiongozi wa genge la vijana, anatoweka mbele ya watu. Michael anapofika huko mbele anaambiwa kwamba baada ya miezi 3 mchumba wake Dionne atakufa, na kwamba akitaka kumuokoa awatafute wenzake wale wanne.

Kilichonishika kwanza ni kwamba hizi nguvu zimewafikia watu wenye kodi ya kulipa. Andre ametoka jela, ana mtoto wa kiume anayetaka aheshimiwe naye, na kila anapoomba kazi faili lake la zamani linatangulia kabla yake. Mtu huyo unampa nguvu za kubeba gari, halafu unamwambia asubiri kuuokoa ulimwengu? Ana haja nyingine. Rodney naye ndiye aliyenichekesha zaidi. Kijana anauza bangi, na alipogundua kwamba ana mbio kuliko gari yoyote, la kwanza lililomjia ni kuwafikishia wateja mzigo haraka. Nikasema huyu angezaliwa Darajani, hapa kwetu Unguja, angekuwa na bodaboda isiyokuwa na boda, na wateja mpaka Nungwi. Calvin Demba anamuigiza vizuri mno, kwa sababu chini ya kile kichekesho unaona mtu aliyezoea kuachwa.

Mimi naishi Michenzani, kwenye yale majumba marefu ya maendeleo yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa ramani za Wajerumani wa Mashariki. Labda ndiyo sababu maisha ya ghorofa za London hayakuhitaji maelezo kwangu. Ngazi ambazo kila mtu anajua nani kapanda kwa nani saa ngapi, vijana waliokaa chini ya jengo wakilifanya ni nchi yao, bibi anayemwita mjukuu wake kwa sauti ya kutosha jengo zima. Genge la Tazer linaitwa Tower Boys, yaani watoto wa maghorofani, na Tazer mwenyewe, jeuri huko nje, ni mpole kabisa mbele ya bibi yake.

Kitu kimoja tu kilinigomea. Hawa watu wanaficha mambo yao na London nzima inatulia. Huku kwetu kijana akitoweka mbele ya macho ya watu, kabla ya alasiri mtaa mzima utakuwa unauliza kafunzwa na mganga gani wa Pemba. Mwaka 1995 popobawa peke yake, yule jini anayesemekana kuwavamia watu usiku, alitosha kuwafanya watu walale nje ya nyumba zao, kuanzia Pemba mpaka Unguja. Sasa fikiria Tazer.

Tahadhari kwa wanaotaka kuitazama: matusi ni mengi, visu vipo, bangi ipo, na mambo ya kitandani yapo. Usiifungue ukumbini na wazee baada ya futari. Kiingereza chao cha mtaani kinakwenda mbio, nami nilihitaji maandishi ya chini tangu mwanzo mpaka mwisho. Sehemu mbili za mwanzo zinajikokota, kwani mtunzi anataka umjue kila mmoja nyumbani kwake kabla hawajakutana. Na wabaya wao, wale wa shirika la siri linalowawinda wenye nguvu, ndio udhaifu mkubwa wa kazi nzima. Eddie Marsan anaigiza kwa ustadi, lakini maabara ya siri, wakubwa wenye sauti za upole na walinzi wasio na majina tumeshawaona mara nyingi kwengine.

Kuanzia hapa nitatoboa siri, kwa hivyo asiyetaka kuijua aishie hapa.

Katika sehemu ya mwisho ndipo inapojulikana kinachowaunganisha wale watano: selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), iko katika familia zao. Mama yake Michael ni mgonjwa wa selimundu. Nilikuwa nimekaa na mtoto wa dada yangu, anasoma chuo, naye anayo tangu utotoni. Kipupwe kilikuwa kinavuma, kajifunika blanketi na chupa ya maji haimtoki mkononi, maana baridi na ukavu wa mwili ndivyo vinavyomuitia maumivu. Nilidhani atafurahi kuuona ugonjwa wake kwenye tivii, tena umegeuzwa kuwa chanzo cha nguvu. Akanitazama akasema: "Mjomba, na huyu mama aliyelala hospitali, yeye kapata nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake limenifanya niione tamthilia hii kwa jicho jengine, kwa sababu nadhani, kwa kukusudia au bila ya kukusudia, Rapman ameusema ukweli wa sayansi wenyewe. Mzazi mwenye selimundu ana nakala mbili za jeni ya ugonjwa huo, yaani kile kinachorithishwa kutoka kwa mzazi, kwa hivyo kila mtoto wake lazima arithi moja. Mwenye nakala moja kwa kawaida haumwi. Zaidi ya hivyo, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, khasa akiwa mdogo. Mwanasayansi Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya hapa hapa Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo sababu jeni hii imejaa kwetu na Afrika Magharibi, na ikasafiri na watu mpaka London. Kwa hivyo nguvu za ajabu zipo kweli, na wanaotembea nazo sokoni Mwanakwerekwe hawajijui. Anayeilipia ni yule aliyepata nakala mbili, ambaye malaria humpiga vibaya kuliko wengine, na mifupa yake humuuma usiku kucha.

Na kwetu bei hii imekuwa ya ajabu zaidi. Malaria Zanzibar imeshuka, wenye vimelea vyake wamekaa chini ya asilimia 1 ya watu kwa miaka mingi, kwa hivyo ile kinga haina kazi kubwa tena, ila selimundu haikwenda na mbu. Wakikutana wawili wenye nakala moja moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mgonjwa. Katika posa zetu tunauliza ukoo, dini, kazi, hata bibi yake mtu alikuwa na ulimi gani. Damu hatuiulizi.

Mpwa wangu yeye anayajua mengi kuliko mtunzi. Ndiye aliyeniambia kwamba Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya selimundu inayohariri jeni, Novemba 2023, miezi michache kabla tamthilia haijatoka. Bei yake ni ya kufikirika tu kwa mtu wa Michenzani. Yeye ana vidonge vyake, kliniki yake, na hasira yake kwamba tamthilia nzima ya selimundu haina mhusika mkubwa hata mmoja anayeumwa selimundu.

Hapo nakubaliana naye, na ndipo ninapoipunguzia maksi. Ningeipa 8 kwa 10. Netflix ilitangaza Agosti 2024 kwamba msimu wa pili utatengenezwa, na mpwa wangu ameshatoa sharti lake: mama yake Michael atoke kitandani, apewe maneno ya kusema na kazi ya kufanya. Wakimlaza tena, anasema, mjomba utatazama peke yako.