Uzoefu wangu: fundi wa Mwanga, Kigoma, aliyefufua Roland SPD-11 ya kwaya yetu

Kwaya yetu hapa Kigoma mjini inapigia Roland SPD-11, kile kibao cheusi cha ngoma za umeme chenye padi 8 za mpira za kugonga, cha miaka ya 1990. Ukoo wake ni wa Octapad, kibao cha padi ambacho kampuni ya Roland ilikitoa mwaka 1985 kikiwa hakina hata sauti moja ndani. Kazi yake ilikuwa kutuma ishara kwenye mashine nyingine. Hii yetu ina sauti zake, na kwa mapambio ya kwetu sijaona cha kuishinda. Kwa hiyo ilipoanza kusumbua niliumia sana. Padi mbili zilinyamaza kabisa, nyingine ukiigonga na jirani yake anaitikia, na kila tukizima umeme mipangilio yote tuliyoitengeneza inafutika.

Kwa fundi wa kwanza haikufunguliwa hata skrubu moja. Tukaambiwa ubongo umeungua, tutafute mpya. Mfuko wa kwaya haufiki huko.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi redio mmoja wa Mwanga, mtu wa makamo, kibanda chake kimejaa subwoofa za watu. Nikamuuliza, "Fundi, imekufa hii?" Akanijibu, "Bado hatujaiuliza, kaka. Kinanda mnacho?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alianza na adapta: akachomeka mita ya kupimia umeme kwenye ncha yake, akakuta volti 9, hasi ikiwa katikati kama Roland wanavyotaka. Adapta nyingi za madukani zina chanya katikati, na ukichomeka hiyo unaweza kuharibu mashine hapo hapo. (Na kama umenunua mtumba wa Japani, soma adapta kwanza: umeme wao ni volti 100, wetu ni 230.) Kisha akaunganisha kinanda chetu kwa waya wa MIDI, yaani waya wa kupeleka ishara za muziki kutoka mashine moja hadi nyingine, ule wa pini 5 ambao haujabadilika tangu 1983, akaweka chaneli 10, ile ya ngoma, na kubonyeza vitufe vya kinanda. Ngoma zikalia zote, pamoja na zile za padi zilizokufa! Maana yake ubongo ulikuwa mzima na sauti zote zilikuwapo. Ugonjwa ulikuwa kati ya mpira na ubongo.

Alipofungua nikaona kitu ambacho kila mpiga ngoma za umeme angepaswa kukiona. Chini ya mpira kuna kisahani chembamba cha shaba ya njano, katikati kina duara jeupe la kauri. Hiyo ndiyo piezo. Ukiigonga inazalisha umeme kidogo, na mashine inasoma wingi wa umeme huo kujua umegonga kwa nguvu gani. Fundi akaweka mita kwenye volti za AC, akaigonga kwa kucha: ya padi nzima namba zikaruka, ya padi iliyokufa zikabaki sifuri. Waya ulikuwa umeachia kwenye risasi ya kuchomea. Akachomea upya kwa kugusa na kuondoa haraka, kwa sababu kauri hiyo ikipata moto mwingi inapoteza uwezo wake. Ya pili ilikuwa imepasuka, akaweka nyingine ya saizi ile ile aliyoitoa kwenye king'ora kibovu. Padi iliyokuwa ikiitikia ya jirani ilikuwa na sponji lililokauka na kuwa unga. Akakata jipya, kisha tukapunguza usikivu wake kwenye mipangilio.

Mipangilio kufutika kulitokana na betri bapa ya volti 3 inayotunza kumbukumbu. Ilikuwa imeisha. Badala ya kuchomea nyingine moja kwa moja, aliweka kikalio cha kuichomeka na kuichomoa betri, ili siku nyingine tubadilishe wenyewe kama betri ya saa. Hilo hatukumwomba, na ndilo ninalomshukuru zaidi. Kama mashine yako bado inakumbuka mipangilio, iandike kwenye daftari kabla betri haijatolewa.

Kasoro zipo. Ahadi zake za "njoo kesho" usizishike sana, maana subwoofa za wateja wa kila siku zinapewa nafasi mbele. Risiti hakuna, kwa hiyo kama fedha ni za kanisa nenda na mhasibu akaandikishe hati ya malipo. Ile piezo ya king'ora inaitika vizuri ukipiga kwa nguvu, lakini mguso laini haioni kama zile za asili, kwa hiyo tumeipa sauti ya kengele ambayo haihitaji kupigwa pole pole.

Malipo yalikuwa shilingi 45,000 pamoja na vifaa. Wanakwaya wenzangu wa Ujiji na Gungu wenye padi za zamani zilizowekwa stoo, mpelekeeni, na mbebe kinanda na waya wa MIDI, yeye hana. Kitufe kimoja cha kwetu bado ni kigumu kubonyeza. Amesema mpira wa ndani umechoka na anautafuta.