Nürnberg majira ya baridi: siku mbili zinatosha ukizipanga kwa kufuata mwanga wa jua

Kwa anayetafuta mji mmoja wa kale wa Ujerumani wa kutembelea siku mbili au tatu wakati wa baridi, tunaupendekeza Nürnberg bila kusita. Kasri, makanisa, soko la Krismasi na makumbusho makubwa vimo ndani au pembezoni mwa ukuta mmoja wa kale, na kutoka stesheni kuu hadi kwenye kilima cha kasri ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Uwanja wa ndege nao umeungwa na mji: treni ya U2 inakufikisha stesheni kuu kwa dakika kumi na ushee. Ukitokea München, treni ya ICE huchukua saa moja na kidogo.

Kinachoharibu safari za watu wengi hapa ni giza. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 na robo jioni. Kasri la Kaiserburg, kuanzia Oktoba hadi Machi, hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Mgeni huanza na soko kwa sababu liko njiani, hunogewa, halafu hupanda kilima na kukuta lango linafungwa. Pindua mpango huo. Panda kasri asubuhi; soko lina taa na litakungoja hadi saa 3 usiku.

Kasrini usikipite Kisima Kirefu. Kimechongwa ndani ya mwamba kwa kina cha karibu mita 50. Mwongozaji humwaga maji kidogo, watu wote wakanyamaza, zikapita sekunde kadhaa kabla mlio haujarudi kutoka chini. Kisha huteremsha mishumaa, nawe unautazama mwanga ukizidi kuwa mdogo hadi ubaki kama punje. Baada ya hapo panda mnara wa Sinwellturm uyaone mapaa mekundu yote ya mji.

Soko lenyewe, Christkindlesmarkt, huanza Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio na kwisha tarehe 24 Desemba saa 8 mchana. Vibanda ni vya mbao vilivyoezekwa vitambaa vya mistari myekundu na myeupe, na ubora wake unalindwa kwa makusudi: mapambo ya plastiki na muziki wa kurekodiwa haviruhusiwi. Nenda Jumanne hadi Alhamisi, kabla ya saa 8 mchana. Jumamosi jioni hutembei, unasukumwa, na mkoba usio na zipu ni hatari. Saa 6 kamili mchana simama mbele ya kanisa la Frauenkirche uangalie juu: saa ya mwaka 1509 hutoa sanamu za watawala saba waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, zimzunguke Kaisari Karl IV.

Chukua sarafu na noti ndogo. Kinywaji hutolewa kwenye kikombe cha kauri chenye amana juu ya bei, kwa hiyo usishtuke ukidaiwa zaidi ya ilivyoandikwa. Rudisha kikombe, urudishiwe pesa. Glühwein ni mvinyo wa moto. Asiyekunywa pombe aagize Kinderpunsch, sharubati ya moto ya matunda yenye mdalasini na karafuu, harufu ambayo mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa. Soseji za hapa, za urefu wa sentimita 7 hadi 9 na uzito wa gramu 20 hadi 25, ni za nguruwe na kiungo cha majorani. Mtaani huuzwa tatu ndani ya mkate mmoja, "Drei im Weggla". Asiyekula nguruwe aende mitaa ya Südstadt, kusini mwa stesheni, kwenye mikahawa ya Waturuki.

Kwa zawadi, nunua Elisenlebkuchen, siyo Lebkuchen (keki ndogo za viungo) yoyote tu. Jina hilo lina masharti: lozi, hazelnati au jozi zisipungue asilimia 25, unga usizidi asilimia 10. Ndiyo maana ni laini na ghali. Zikianza kukauka, weka kipande cha tufaha ndani ya kopo.

Viatu ndivyo vya kugharamia. Mawe ya njia ya kupandia kasrini yamesuguliwa, na barafu nyembamba juu yake haionekani. Soli bapa ya raba ngumu itakuangusha. Vaa buti zenye meno na soksi za sufu, kwa sababu za pamba hunyonya jasho kisha hupoza miguu ukisimama vibandani.

Siku nazo zina hesabu yake. Makumbusho ya Germanisches Nationalmuseum, yenye tufe la dunia la Martin Behaim, la kale kuliko yote yaliyosalia, hufungwa Jumatatu na hubaki wazi hadi usiku Jumatano. Memorium, makumbusho yaliyo mahakamani penye ukumbi namba 600 walikofanyiwa kesi viongozi wa Wanazi kuanzia Novemba 1945, hufungwa Jumanne. Ukilala Jumatano na Alhamisi, unapata vyote. Jumapili maduka hufungwa.

Anayetarajia kila nyumba iwe ya kale ajue kwamba mabomu ya tarehe 2 Januari 1945 yaliubomoa mji mkongwe karibu wote, ukajengwa upya kwa kufuata mitaa yake ya awali. Nyumba za mbao zilizonusurika zitafute Weißgerbergasse.

Hoteli hupanda bei Desemba, na tena mwishoni mwa Januari kunapokuwa na maonyesho ya vitu vya kuchezea watoto. Lala Fürth, mji jirani, uje kwa treni ya U1. Tikiti ya usafiri ya siku nzima, TagesTicket Plus, hubeba watu wazima wawili pamoja na watoto wanne, na ukiinunua Jumamosi inatumika hadi Jumapili.