Nirvana, MTV Unplugged in New York: Uhakiki wa Toleo la Miaka 25

Mashabiki wa granji, muziki wa roki wa Seattle, wanapoketi kukumbuka miaka ya 1990, haupiti muda mrefu kabla mtu hajautaja usiku wa tarehe 18 Novemba 1993, ambapo kikundi cha Nirvana kilipiga onyesho lake la MTV Unplugged, kipindi cha televisheni cha muziki usiotumia umeme, katika studio za Sony mjini New York. Kila mmoja ana namna yake ya kuusimulia, lakini vitu vinavyotajwa ni vilevile: mishumaa, mayungiyungi yaliyopangwa jukwaani, sweta ya kijani iliyochakaa, na mwimbaji wao Kurt Cobain, kijana wa miaka 26, akiimba akiwa ameketi kana kwamba anawaaga waliokuja kumsikiliza. Haikutimia miezi mitano akawa amefariki dunia, na tangu hapo usiku ule umekuwa ukisimuliwa kama matanga yaliyokitangulia kifo chenyewe.

Toleo ninalolihakiki hapa ni lile la santuri mbili lililotoka Novemba 2019, kuadhimisha miaka 25 tangu albamu yenyewe iingie sokoni tarehe 1 Novemba 1994. Lina nyimbo zote 14 za onyesho, kisha zimeongezwa tano zilizorekodiwa katika mazoezi, miongoni mwazo Come as You Are, Polly na Pennyroyal Tea. Nyongeza hiyo inaweza kuonekana kuwa chambo tu cha kumfanya shabiki anunue mara ya pili kile alichonacho tayari, na wapo waliolipokea hivyo. Kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya kulitafuta toleo hili, kwa kuwa linaigusa kumbukumbu yetu mahali ambapo wengi wetu hatupendi iguswe: katika mazoezi hakuna matanga yoyote, ila kuna wanamuziki wanaohangaika na kazi wasiyoizoea, tena mbele ya viti vitupu.

Ni vyema ikumbukwe walikuwa wametoka wapi. Albamu yao ya kwanza, Bleach ya mwaka 1989, ilirekodiwa kwa gharama ya dola zipatazo 600. Ya pili, Nevermind ya Septemba 1991, ilipanda mpaka Januari 1992 ikaing'oa albamu ya Michael Jackson kutoka nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard, na vijana waliokuwa wakivaa mashati ya drafti kwa sababu Seattle ni mji wa baridi na mvua wakajikuta wamegeuzwa kuwa mtindo wa mavazi wa dunia nzima. Cobain hakuwahi kuizoea hali hiyo. Ndiyo maana onyesho linafunguliwa na About a Girl, wimbo wa albamu ile ya kwanza, naye anawaambia wasikilizaji waziwazi kwamba wengi wao hawana albamu hiyo. Wimbo uliowapa umaarufu, Smells Like Teen Spirit, ambao kila mtu ukumbini alikuwa akiungoja, haukupigwa kabisa.

Waandaaji walitarajia pia wageni wenye majina makubwa. Walioletwa ni ndugu wawili, Cris na Curt Kirkwood wa Meat Puppets, kikundi kutoka Arizona ambacho watazamaji wengi wa MTV hawakukijua, na nyimbo zao tatu zikapigwa mfululizo. Ukiongeza wimbo wa The Vaselines wa Scotland, wimbo wa David Bowie wa mwaka 1970, na ule wa mwisho unaojulikana zaidi kupitia Lead Belly, mwimbaji wa zamani wa blues wa Marekani, unapata nyimbo sita kati ya 14 ambazo si za Nirvana. Hapa ndipo ninapoona kiini cha albamu hii, na sababu ya mashabiki kuirudia kuliko nyingine zote: waliokuwa jukwaani walikuwa mashabiki wenyewe, wakitumia saa moja ya televisheni waliyopewa kutaja majina ya watu waliowapenda. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kupiga nyimbo zake zote maarufu akaenda nyumbani na makofi aliamua kuwatambulisha Meat Puppets kwa ulimwengu, naye akaimba nyimbo zao kwa sauti inayopasuka kila inapopanda juu, kwa kuwa zilimpita kimo na hakujali.

Msikilizaji aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki atautambua haraka uzuri wa wimbo wa The Vaselines, ambamo Krist Novoselic anaweka besi kando na kushika akodiani. Sikio lililozoea taarabu ya Unguja halishangai kusikia akodiani ikibeba huzuni. Kinachoshangaza ni kuisikia ikitoka kwa watu ambao miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wakivunja magitaa jukwaani.

Kabla ya wimbo wa mwisho kuna maneno machache ambayo leo hayasikiki kama yalivyosikika wakati ule. Cobain anamtaja Lead Belly kuwa ndiye mwanamuziki anayempenda kuliko wote, kisha anasimulia kwamba mwakilishi wa mirathi ya mwanamuziki huyo alitaka kumuuzia gitaa la marehemu kwa dola 500,000, naye Cobain akamwomba David Geffen, mwanzilishi wa kampuni yao ya kurekodi, amnunulie. Watu wanacheka. Gitaa alilokuwa amelipakata wakati akisema maneno hayo, Martin D-18E ya mwaka 1959, liliuzwa mnadani Juni 2020 kwa zaidi ya dola milioni sita. Sweta nayo ilikuwa imekwisha kwenda mwaka 2019 kwa dola 334,000, ikiwa na madoa, tundu la moto wa sigara, na haijafuliwa. Sijui kichekesho kile kingemchekesha kiasi gani angekuwapo kuyaona hayo.

Wimbo wenyewe, Where Did You Sleep Last Night, ni wa asili, wa milima ya kusini mwa Marekani, na ulikuwapo kabla Lead Belly hajaurekodi. Cobain alikuwa ameshaupiga miaka kadhaa nyuma akimsindikiza rafiki yake Mark Lanegan katika albamu iliyotoka mwaka 1990, kwa hiyo haukuwa wimbo wa kubahatisha. Anauanza kwa sauti ya chini, karibu ya uvivu, na beti zinapita bila kuonyesha kule zinakokwenda. Katika ubeti wa mwisho anapandisha sauti ghafla mpaka inakuwa ukelele, inakwaruza, na kabla ya maneno mawili ya mwisho anasita. Katika video anafumbua macho na kuvuta pumzi. Katika santuri hakuna macho ya kutazama, lakini ile pumzi inasikika, na kwa muda mfupi sana hakuna mtu ukumbini wala nyumbani anayejua kama atamaliza. Anamaliza. Baadaye aliombwa arudi jukwaani kwa wimbo wa nyongeza akakataa, na ukiusikia ule uliotangulia utaona kuwa alikuwa na haki.

Ni kweli kwamba mapambo yalikuwa chaguo lake. Mtayarishaji wa kipindi, Alex Coletti, amesimulia kwamba Cobain alipoomba mayungiyungi, mishumaa myeusi na taa kubwa ya vioo ya kuning'inia, yeye alimuuliza kama anataka ionekane kama mazishi, naye akakubali. Simulizi hiyo imerudiwa mara nyingi sana miongoni mwa mashabiki, na sina nia ya kuikanusha. Ninachopinga ni desturi ya kuigeuza kuwa ufunguo wa kila noti. Mtu anayejiuliza mbele ya watu kama Pennyroyal Tea ataupiga peke yake au na wenzake, kisha akaupiga peke yake na kukaribia kuukosea, hakuwa amepanga kuaga kwake kwa utaratibu wa tamthilia. Kabla ya wimbo wa Bowie anawatahadharisha watu kwamba atauharibu. Alikuwa mgonjwa na mwenye wasiwasi siku hiyo, akiogopa aibu ambayo mwanamuziki yeyote huiogopa anapovuliwa kelele zake. Nyimbo tano za mazoezi zinaiweka hofu hiyo wazi zaidi kuliko maelezo yoyote. Hakuna makofi ya kuzifunika dosari, sauti inabanwa kana kwamba inawekewa akiba ya usiku, na vyombo vinatafutana bado.

Kuhusu sauti, wale tuliopata albamu hii kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine tunaweza kusema kwamba tulikuwa hatujaisikia. Chelo ya Lori Goldston, ambayo kwenye kanda ilizama ndani ya besi na kupotea, katika santuri inasimama peke yake, hasa katika Dumb na All Apologies, ambamo inashikilia noti ndefu chini ya sauti ya mwimbaji na kuufanya wimbo mwepesi uwe mzito bila mtu yeyote kupiga kwa nguvu. Dave Grohl, aliyejulikana kwa kuzipiga ngoma kama mtu mwenye deni nazo, alipewa na Coletti brashi na vijiti vyepesi, naye akavitumia kwa nidhamu ambayo wachache walimdhania. Pat Smear, aliyejiunga nao mwaka huohuo, anajaza gitaa la pili kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba utamsikia tu ukimtafuta.

Jambo moja huwafurahisha mashabiki wapenda ubishi. Kipindi kilijinadi kuwa cha muziki usiotumia umeme, lakini gitaa la Cobain lilikuwa limeunganishwa na amplifaya, chombo cha umeme cha kukuza sauti, ambayo Coletti aliificha kwa kuijengea kisanduku bandia ili ionekane kama spika ya kawaida ya jukwaani. Katika The Man Who Sold the World mkwaruzo wa umeme unasikika bila kificho, na santuri hii imeuacha ulivyo. Wapo wanaouona kuwa udanganyifu. Mimi naona kuwa bila mkwaruzo ule sehemu ile ya gitaa ingekuwa nakala ya adabu tu ya wimbo wa Bowie.

Kasoro zipo. Onyesho lilipigwa lote kwa mkupuo mmoja, bila kurudia wimbo hata mmoja, na huo ni ufanisi usio wa kawaida kwa kipindi cha aina ile. Kuligawa katika pande za santuri kunakata mkupuo huo, na msikilizaji analazimika kuinuka na kugeuza sahani pale ambapo wao hawakupumzika. Pili, nyimbo za mazoezi si ngeni kabisa, kwa kuwa zilikwisha kutoka katika DVD ya mwaka 2007, na DVD hiyo ina faida nyingine, yaani mazungumzo na mizaha yote kati ya nyimbo, ambayo katika albamu yamepunguzwa. Wimbo mmoja unakwisha, unasikia makofi, na mwingine unaanza mapema kuliko ulivyoanza usiku ule, hata uzito unaongezeka kuliko ulivyokuwa. Nashuku kwamba upunguzaji huo, kuliko mayungiyungi, ndio uliotufanya wengi tuisikie albamu kama ibada ya wafu. Tuliipata kwanza Novemba 1994, mwenyewe akiwa ameshazikwa, na vicheko vingi vikiwa vimeondolewa.

Watu huuliza pia kama si afadhali kutumia fedha kwa maonyesho mengine ya mfululizo huohuo. Lile la Pearl Jam la mwaka 1992 lina nguvu nyingi na limenivutia kidogo. Lile la Alice in Chains, lililorekodiwa Brooklyn Aprili 1996 baada ya kikundi kukaa zaidi ya miaka miwili bila kupanda jukwaani, ndilo mshindani wa kweli, na kwa upatanisho wa sauti za Layne Staley na Jerry Cantrell linaizidi albamu hii. Hata hivyo wao walipiga nyimbo zao, vizuri kupita kiasi, huku Nirvana wakipiga pia nyimbo walizotamani zingekuwa zao. Tuzo ya Grammy waliyopewa Nirvana mwaka 1996 ilikwenda mahali pake.

Kwa mwenye DVD ya 2007 na asiye na mapenzi maalumu na santuri, toleo hili si la lazima. Kwa anayemiliki kinanda cha santuri na ambaye amekuwa akiisikiliza albamu hii kwa simu au kwa nakala ya zamani, bei yake inalipa kwa chelo pekee. Ushauri wangu ni kwamba asifuate mpangilio wa watengenezaji walioyaweka mwishoni mwa orodha mazoezi yaliyo mwanzo wa kazi: aanze na nyimbo tano za mazoezi, kisha ndipo aweke santuri ya kwanza, ili aingie ukumbini kwa utaratibu ambao wanamuziki wenyewe waliingia nao, wakiwa wamekwisha kuchoka na hawana hakika kama chelo itaingia kwa wakati wake.